Bati la ndani la trela la zamani linavimba kila jioni, nakosea wapi?

Mwenye Trela

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada maana nimekwama na nimechoka. Nina trela la kulala la zamani, Airstream ya 1966 ile ya futi 26, nimelivua lote ndani zikabaki mbavu na ngozi ya nje tu, sakafu nimebadilisha, waya nimepitisha upya, insulesheni nimeweka, sasa niko kwenye kurudisha mabati ya ndani na hapo ndo kasheshe ilipoanzia. Mabati ya zamani yalikuwa yametobolewatobolewa kila mahali na waliotangulia, mashelfu, ndoano, taa, kuna mmoja nadhani alifunga spika, yaani ukiwasha taa nyuma yake yanaonekana kama chujio. Nikaamua kukata mapya, alumini ya aina ya 5052, unene milimita 0.8, mengine nimeyatunza kwa ajili ya vipimo.

Sasa shida ni hii. Nafunga bati, nalipiga riveti, linakaa tambarare safi kabisa mpaka najisifu mwenyewe. Naenda kuoga, nikirudi jioni na tochi nakuta limevimba kati ya mbavu na mbavu, ukilibonyeza kwa kidole linatoa mlio "tong" kama mfuniko wa debe halafu uvimbe unahamia nafasi ya pili. Nimeshafungua mabati mawili na kuyarudisha, yanafanya vilevile. Nilikuwa nafikiria ni bati jembamba, niagize la 1.2. Au?

Halafu la pili, mabati ya dari nayashikaje nikiwa peke yangu? Jana limeniangukia kichwani.

Plaiwudi Tu

Pole mkuu. Mimi nilipitia hayo hayo nikaachana nayo, nikaweka plaiwudi ya milimita 3 nikaipaka vanishi, inapendeza, inakunjika, haina kelele. Ila kama umeng'ang'ania alumini basi ndio, nenda 1.2, bati zito halivimbi hovyo.

Fundi wa Mabawa

Usinunue chochote kwanza. Nijibu vitu vitatu. Unafunga saa ngapi? Trela lipo juani au kivulini wakati unafunga? Na hilo bati kabla ya kulifunga lilikuwa limelala wapi?

Nauliza kwa sababu umeandika kitu kimoja halafu ukakipita, kwamba linavimba JIONI. Wembamba wa bati haujui saa.

Mwenye Trela

Mkuu nafunga mchana, kama saa saba mpaka saa kumi hivi maana ndo muda ninaopata na mwanga unaingia vizuri madirishani. Trela lipo nje juani, halina banda. Mabati yapo stoo, yamelala kwenye sakafu ya zege, nimeyafunika turubai yasikwaruzike. Nachukua moja moja.

Fundi wa Mabawa

Basi jibu unalo mwenyewe hapo hapo.

Alumini inatanuka kama milimita 0.023 kwa kila mita moja kwa kila nyuzi moja ya joto. Karibu mara mbili ya chuma. Bati lako tuseme lina mita 2.4, limetoka kwenye zege lina nyuzi 20. Mbavu zimeshikana na ngozi ya nje iliyopigwa na jua tangu asubuhi, zina nyuzi 45 na pengine zaidi, shika kwa mkono utaona. Unalipiga bati la baridi kwenye mbavu za moto. Usiku vyote vinashuka kwenye 20, mbavu zimerudi karibu milimita 1.4 kwa urefu huo, bati lenyewe halijarudi kokote maana lilikuwa la baridi tangu mwanzo. Sasa hiyo 1.4 ya ziada itaenda wapi na pembeni kote umefunga riveti? Itatoka tumboni.

Na usiidharau. Gawa kwa nafasi nne za sentimita 60, kila nafasi ina ziada ya milimita 0.35 hivi, unene wa kadi. Ila bati likijikunja ili kuimeza hiyo 0.35 katikati linainuka karibu milimita 9. Ndo hiyo unayoiona na tochi.

Kwa hiyo geuza mambo. Kazi ya kufunga ifanyike wakati mbavu zimepoa, alfajiri au trela likiwa kivulini, na bati ndo liwe na joto kidogo kuliko mbavu. Mimi huwa nalianika juani dakika chache tu, au napitisha hita ya kupuliza mgongoni mwake likiwa limeshikwa tayari, nikishika mkono unavumilia basi inatosha, si la kuunguza. Likipoa linajivuta lenyewe linakaza kama ngozi ya ngoma. Usizidishe, ukizidisha mashimo yatavutwa yawe marefu.

Kuhusu 1.2, kweli halitavimba kirahisi maana ugumu wa kulikunja unapanda zaidi ya mara tatu ukitoka 0.8. Lakini ugumu huohuo utakutana nao ukitaka likae kwenye mkunjo wa pale ukuta unapokuwa dari. Na uzito, 0.8 ni kama kilo 2.2 kwa mita ya mraba, 1.2 ni kilo 3.2, kama ndani una mita za mraba 30 umeongeza kilo 30 kwa tatizo ambalo si la unene. Mimi kwa ndani ningeshuka hata 0.6.

Plaiwudi Tu

Sawa nimeelewa hesabu, sikuwahi kuiwaza hivyo. Ila bado plaiwudi haina hayo mambo yote 😀

Fundi wa Mabawa

Plaiwudi ina mambo yake, muulize maji. Halafu haya matrela ya mbavu na ngozi yametoka kwenye ndege moja kwa moja, Hawley Bowlus aliyesimamia ujenzi wa Spirit of St. Louis, ile ndege ya rubani Lindbergh, ndiye aliyetoa trela la Road Chief 1934, na Clipper ya Airstream ya 1936 ikafuata njia hiyohiyo. Ngozi ya ndani na ya nje zikishika mbavu pande zote mbili ndo trela linakuwa gumu. Ukiweka plaiwudi kwa skrubu chache umeziba ukuta tu, hujaurudishia nguvu. Sisemi litavunjika kesho, watu wanatembea nayo, ila kitu kimoja si sawa na kingine. Na Mwenye Trela wewe usilivute hilo trela safari ndefu likiwa halina mabati ndani.

Shangazi Riveti

Nimechelewa ila ngoja niongeze maana mimi nimefanya matatu ya haya, la kwanza nililiharibu vizuri sana kwa hiyo najua.

Joto ni kweli kabisa, ila nakuuliza swali ambalo mzee wa mabawa hakuliuliza: riveti ya kwanza unapiga wapi? Nina uhakika unapiga kona nne kwanza ili bati lisianguke, si ndio? Sisi wote tulianza hivyo. Ukishafunga kona nne umeshalifungia hewa ndani, kila kosa dogo la kipimo limekosa pa kutokea. Unaanza KATIKATI. Ubavu wa katikati, safu yote kuanzia juu mpaka chini, halafu ubavu unaofuata kulia, halafu wa kushoto, unakwenda unalisukuma bati kwa kiganja kuelekea nje kama unavyotandika shuka au unavyobandika karatasi ya kioo cha simu, ule uvimbe unaufukuza mpaka ukingoni. Kingo ndo za mwisho kabisa.

Na usipige riveti mpaka bati lote limeshikwa na kleko. Zile pini za muda za springi, za riveti ya milimita 3.2 ndo zile za rangi ya shaba, za fedha ni ndogo zaidi na nyeusi ni za 4. Nunua nyingi, kumi hazikufikishi popote, mimi na thelathini naona chache. Shimo la kila tatu weka kleko, rudi nyuma liangalie bati kwa pembeni na taa iliyolala ukutani, kama lina wimbi utaliona hapo hapo na kufungua kleko ni sekunde. Kufungua riveti wewe mwenyewe unajua ilivyo.

Mashimo. Kama una bati la zamani usipime kitu, lilaze juu ya jipya, yabane na klampu, toboa kupitia mashimo ya zamani. Lakini chagua yale mashimo ya mbavu tu, usije ukahamisha na ya spika. Mashimo ambayo yamepanuka (na yatakuwa mengi, trela lina miaka hiyo yote) usilazimishe riveti ya 3.2 ndani yake, ama panda kwenye ya 4 ama tumia yenye kofia pana. Biti yako ya kutobolea iwe 3.3, sio 3.5 eti kwa sababu ndo iliyokuwepo kwenye boksi. Na ukitoboa toa vile vijino vya pembeni mwa shimo pande zote mbili, biti kubwa ukiizungusha kwa vidole tu inatosha, la sivyo bati halilali kwenye ubavu, linakaa juu ya vijino na baadaye utasema limevimba.

Ile nailoni ya kulinda bati: ibandue sehemu ya kingo na kwenye mistari ya riveti KABLA ya kufunga, nyingine iache mpaka mwisho. Mimi nilifunga nayo nikijua nitaivuta tu baadaye. Nilikaa siku mbili na kibano cha nyusi natoa vipande vya nailoni chini ya kofia za riveti. Na kama unaanika bati juani kama alivyosema mzee basi usisahau hapo, gundi ya ile nailoni ikiiva na jua inang'ang'ania.

Dari peke yako: chukua mbao mbili, uzikate ndefu kidogo kuliko urefu wa sakafu mpaka dari, juu zifunge kipande cha mbao kwa kulala iwe kama herufi T, uivalishe zulia kuukuu. Unabana bati na T ya kwanza katikati, unalisukuma mpaka mashimo yalingane, kleko mbili, T ya pili inafuata. Kwa sababu mbao ni ndefu kidogo inajikaza yenyewe ukiisimamisha. Kwenye mkunjo wa ukuta na dari, 0.8 unalivuta kwa mikono linafuata, hauhitaji mashine ya kuviringisha. Zile kona za mbele na nyuma zinazopinda pande mbili kwa wakati mmoja ndo habari nyingine, pale bati moja halikubali hata ulibembeleze, inabidi vipande vipande kama maganda ya chungwa yanayokutana juu. Kama za zamani zipo nzima zisafishe uzipake rangi uzirudishe, usijitafutie.

Sasa swali langu la mwisho na usinikasirikie. Ulimwagia maji?

Mwenye Trela

Shangazi umejuaje kuhusu kona nne 😂 ndio, kona nne kwanza, kila bati.

Kumwagia maji unamaanisha nini? Nilipaka silanti kwenye maungio yote ya nje kabla sijaweka insulesheni, yale yaliyoonekana yamepasuka.

Shangazi Riveti

Namaanisha hosi juu ya trela na mtu ndani mwenye tochi. Silanti uliyoipaka kwa nje ni dawa ya kupaka tu, linalovuja utalijua ukiliona kwa ndani wakati linavuja. Unaanzia chini unapanda, dakika kumi kila kimo, usianze juu maana maji yatateremka na hutajua yameingilia wapi. Chini ya madirisha, juu ya madirisha, taa, tundu la hewa la dari, mpaka juu kabisa. Hosi ya kawaida inayotiririka, mashine ya presha usiiguse inapenyeza maji sehemu ambazo mvua haifiki halafu utaziba vitu visivyovuja.

Ukipata sehemu unaiziba kutoka NDANI pia, silanti ya poliyurethani kwenye mshono na kwenye mkia wa riveti. Hiyo nafasi hutaipata tena ukishafunga bati. Insulesheni ikilowa humo ndani haikauki, inakaa imeegemea alumini, na baada ya muda unakuta unga mweupe na vishimo kama vimepigwa na sindano.

Fundi wa Mabawa

Na hapo ndo sababu mimi sikubali povu la kupuliza kwenye kuta hizi, najua kuna watu watanishambulia. Kwa joto ni zuri sana, halina ubishi. Ila likishakauka limezika mikia yote ya riveti na waya wote, siku riveti moja ya nje ikilegea utafanya nini? Na maji yakiingia yanatambaa nyuma ya povu mpaka mwisho wa trela. Mabapa ya povu gumu yaliyokatwa au sufi ya mawe angalau unaweza kutoa kipande.

Halafu mkuu kati ya ubavu na bati umeweka nini? Kama ni alumini kwa alumini, kila ubavu ni daraja la joto, yaani joto linapita hapo kwenda nje, siku ya baridi utaona mistari ya jasho ukutani imejichora inafuata mbavu. Weka utepe mwembamba wa povu au felti, milimita 1 au 2, upite kwenye ubavu wote. Unakata mlio pia. Ila kumbuka riveti zako sasa zinashika unene mkubwa zaidi, jumlisha bati, utepe uliobanwa na ubavu ndo uchague urefu. Fupi inashika kwa kucha, ndefu mno haikazi.

Mwenye Trela

Mbavu kavu, sikuweka kitu. Haya, nafungua mawili yaliyofungwa, wikendi hii namwaga maji. Nitarudi.

Mwenye Trela

Wakuu nimerudi na sina raha, au niseme nina raha kwa sababu ingekuwa baadaye ningelia.

Nimefungua mabati yote mawili, nikatoa insulesheni upande mmoja, kijana wangu nikampa hosi nikaingia ndani. Chini pakavu. Madirisha pakavu, nikaanza kujiona bingwa. Alivyofika kwenye zile taa ndogo za juu za pembeni, dakika kama nne hivi, naona tone linatembea kwenye ubavu. Linatembea taratibu kabisa, linafuata ubavu, linakunja na mkunjo, linakuja kutokea karibu na sakafu mbali na taa yenyewe, mita mbili hivi. Pale chini ndo kwenye ile sakafu mpya niliyobadilisha. Sakafu ya zamani ilikuwa imeoza hapo hapo na mimi nikadhani ni mlango, nikaweka raba mpya mlangoni nikaendelea na maisha.

Kingine, riveti mbili za nje chini ya tundu la hewa zinatoa jasho, hazitiririki ila zinalowa. Jumla sehemu tatu.

Nimeziba kwa ndani na nje, nimesubiri silanti ikauke kama maelezo ya chupa yanavyosema, nikarudia maji, pakavu. Utepe wa povu nimeweka kwenye mbavu zote. Jana nimeamka saa kumi na moja na nusu, bati nililaza ndani ya nyumba usiku, nikalitoa, nikaanza katikati. Kleko thelathini hazikutosha Shangazi, ulisema. Nikapitisha hita mgongoni kabla ya kushika kingo. Nimemaliza riveti kabla jua halijapanda. Mchana nimeligonga, kimya. Jioni nimeligonga kimya. Leo asubuhi nimeligonga mpaka mke wangu ameniuliza namtafuta nani humo.

Plaiwudi Tu

Hongera sana mkuu. Picha basi.

Shangazi Riveti

Hongera! Hiyo ya taa ndo ugonjwa wa matrela mengi, lile tundu la waya wa taa hakuna anayelikumbuka.

Kabla hujaendelea na mengine, waya. Kila unapopita kwenye ubavu pawe na raba ya kuzuia, bati na mbavu zina makali kuliko unavyodhani na trela linatikisika barabarani. Piga picha ya kila ukuta ulio wazi na futi ikiwa imelala kwenye picha, utakuja kunishukuru siku ya kutafuta pa kufunga shelfu. Na ukishafunga kila bati, kabla ya kuhamia lingine, chukua mita ya fundi umeme (multimita) upime kati ya waya wa umeme mkubwa na bati, pasiwe na mawasiliano. Riveti moja ikigusa waya umetengeneza chumba kizima chenye shoti. Ngozi iunganishwe na ethi vilevile, lazima.

Mwenye Trela

Raba zipo, picha napiga leo. Mita nitapima, sikuwahi kufikiria hilo, nimepata baridi mgongoni.

Swali dogo la mwisho. Riveti nilizonazo mwili ni alumini ila ule msumari wa katikati ni chuma, sumaku inashika. Nimeshatumia kwenye hilo bati moja. Nibadilishe?

Fundi wa Mabawa

Kwa ndani pakavu zitakaa, hilo bati liache. Ila kile kichwa cha msumari kinachobaki ndani ya riveti siku moja kikipata unyevu kitatoa doa la kahawia katikati ya kofia, na kwenye bati jeupe litaonekana. Jikoni na karibu na bafu weka zenye msumari wa alumini. Na mikia inayodondoka nyuma ya ukuta iokote au inyonye na vakyum kabla hujaziba, sio kwa ajili ya kutu tu, usiku ukiwa safarini utaisikia ikitembea ndani ya ukuta na utadhani ni panya.

Shangazi Riveti

Au ni panya kweli. Mkojo wake unakula alumini kuliko mvua, kwa hiyo ziba na matundu ya sakafuni yote unapopita bomba.

Mwenye Trela

Mungu wangu. Sawa. Natafuta matundu.